Chaki Iliyopotea

Fundisho juu ya mwenendo wa mwalimu darasani



Asubuhi na mapema, ukungu ungali juu ya mto Luama, watoto wa shule wamekwisha kushika njia. Wengine watoka mashambani mbali, miguu yao imelowa umande. Wengine wamebeba vigoda vya kukalia, maana shuleni viti havitoshi. Kengele ya shule, kipande cha chuma cha gari kilichotundikwa mtini, inalia, nao wanajipanga mistari. Je, watazama nini kwanza? Si ubao, wala si daftari. Wanautazama uso wa mwalimu. Wataka kujua ameamkaje leo: ametulia au amekasirika, ataitikia salamu au atapita kimya. Mwalimu hajasema neno hata moja, na somo la kwanza limekwisha kuanza.

Fundisho la leo lahusu somo hilo lisiloandikwa ubaoni. Lawahusu walimu wa shule, lakini lawahusu ninyi pia mnaojitayarisha kwa Ubatizo, kama mtakavyoona mwishoni.

MTOTO ASOMA VITABU VIWILI

Kila mtoto shuleni asoma vitabu viwili. Cha kwanza kina kurasa na herufi. Cha pili hakina kurasa: kina miguu, chatembea mbele ya darasa, chashika chaki mkononi. Hicho ni mwalimu mwenyewe. Mwulizeni mzee yeyote wa Kasongo aliyesoma zamani juu ya majina ya mito ya Ulaya aliyolazimishwa kuyakariri. Amekwisha kuyasahau. Lakini mwulizeni mwalimu wake alikuwa mtu wa namna gani, naye atawaeleza mpaka jua lishuke: jinsi alivyocheka, jinsi alivyokasirika, siku aliyomwonea mtu, siku aliyomtetea yatima.

Kusoma, kuandika na kuhesabu ni ustadi wa akili na mkono. Upo ustadi mwingine ambao mtu hawezi kuishi vema na wenzake bila huo: kumsikiliza mwingine hata amalize, kungoja zamu, kukataa bila matusi, kufanya kazi pamoja na mtu usiyempenda, kutimiza ahadi, kutuliza hasira, kukiri kosa. Wataalamu wa elimu wa siku hizi huuita stadi za maisha. Wazee wetu waliuita utu. Nalo Kanisa laona humo njia ya fadhila zile nne zinazobeba nyingine zote: busara, haki, nguvu na kiasi.

Lakini ustadi huo wafundishwaje? Mwalimu aweza kuandika ubaoni neno «Tusikilizane», na watoto wote wakalinakili kwa mwandiko mzuri. Kisha mtoto mmoja ainua mkono, aanza kusema, na mwalimu amkatiza kwa ukali. Watoto wamejifunza mambo mawili siku hiyo: jinsi ya kuliandika neno hilo, na kwamba ni neno la kuandikwa tu. Somo la pili litakaa ndani yao kuliko la kwanza. Uvumilivu, haki na ukweli mtoto huvijua anapoviona vikitendeka mbele yake, na zaidi anapotendewa yeye mwenyewe.

MFANO: CHAKI TATU

Tuweke mbele ya macho mfano mmoja. Ni darasa la tatu katika kijiji cha Kabambare. Haidhuru jina la kijiji, maana jambo hili laweza kutokea po pote. Watoto ni zaidi ya 60, mwalimu ni mmoja. Kila mwanzo wa mwezi mwalimu hupewa chaki chache, naye huzitunza kama mtu atunzavyo mbegu.

Jumatatu moja mwalimu afungua boksi, aona chaki tatu mpya hazimo. Atazama darasa. Mbele yake amekaa mvulana wa miaka kumi, na vidole vyake ni vyeupe kama vimepakwa chokaa.

«Chaki ziko wapi?» mwalimu auliza.

«Mwalimu, mimi nilikuwa...»

«Nyamaza! Vidole vyako vimekwisha kusema.»

Akamchapa fimbo tatu, akampigisha magoti karibu na mlango mpaka saa sita. Darasa zima likacheka. Saa sita mtoto akaenda zake kwao. Kesho yake hakuja. Siku ya tatu vilevile hakuja.

Jioni ya siku hiyo mwalimu akauchukua mfuko wake wa vitabu vya dini, ule aliokwenda nao Jumamosi kwenye kanisa dogo la kijiji kuwafundisha wakatekumeni. Akaingiza mkono kutafuta kalamu. Chaki tatu zilikuwa ndani. Alizitia yeye mwenyewe siku ya Jumamosi, akasahau.

Na vidole vyeupe? Mtoto yule aliamka alfajiri kumsaidia mama yake kuchekecha unga wa mihogo. Hilo ndilo alilotaka kulisema, naye hakuachwa alimalize.

Mwalimu akamweleza mwenzake aliyemzidi umri. Yule mzee akatikisa kichwa. «Rafiki yangu, lifunike jambo hili. Mtoto atarudi tu. Mwalimu akiomba radhi mbele ya watoto, kesho watampanda kichwani.»

Usiku mwalimu hakupata usingizi. Jumamosi ileile, kwa chaki zilezile, aliwaandikia wakatekumeni amri inayokataza kumshuhudia mwenzako uongo. Siku mbili baadaye yeye mwenyewe alimshuhudia mtoto uongo mbele ya watu zaidi ya 60, tena akaupigilia ushuhuda huo kwa fimbo. Aliona wazi kwamba akinyamaza, amri ile itabaki ubaoni, na watoto watajua kuwa ni ya wadogo tu.

Kesho yake, baada ya masomo, alikwenda nyumbani kwa mtoto. Akamkuta mama akitwanga sombe.

«Hodi, Mama.»

«Karibu, Mwalimu. Kaa hapa.»

Akaketi, akaeleza yote bila kuficha. Mama akauweka mchi chini. Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema: «Mwalimu, mtoto hakunililia juu ya fimbo. Aliniambia neno moja tu: Hakuniacha nimalize. Sasa mjomba wake anakwenda Salamabila kwenye dhahabu, naye amesema atafuatana naye Jumamosi. Mimi sina nguvu ya kumzuia.»

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya jiko, akisikia. Mwalimu akamwita kwa upole, akamwambia: «Mwanangu, nilikuhukumu bila kukusikiliza. Chaki nilikuwa nazo mimi. Wewe hukukosa, mimi nimekosa. Naomba unisamehe. Kesho nitayasema haya mbele ya darasa lote, uwepo au usiwepo. Nafasi yako ingali yako.»

Mtoto akatazama chini. «Ndiyo, Mwalimu,» akasema, na hakuongeza neno.

Siku ya Ijumaa mwalimu akasimama mbele ya darasa, akayasema maneno yaleyale, bila kupunguza wala kupamba. Mmoja nyuma alicheka kidogo, lakini hakupata wa kumfuata. Mtoto mwenyewe hakuwapo.

Jumamosi mjomba akaondoka peke yake. Jumatatu mtoto akaja, akakaa karibu na mlango, mbali na mahali pake pa zamani. Ilipita miezi miwili kabla hajainua mkono tena kujibu swali. Mwalimu hakumharakisha. Jeraha ambalo mtu amelifanya kwa dakika moja, halitibiwi kwa dakika moja.

Je, watoto walimdharau mwalimu? Watoto wawili walijaribu kumchezea juma lile. Aliwaonya kwa sauti ya chini, wakatulia. Lakini jambo jingine lilitokea, ambalo hakulitazamia. Siku moja ya kazi za mikono, wasichana wawili waligombana juu ya jembe lililovunjika mpini. Mwalimu alipokaribia alimsikia wa tatu akisema: «Mwache amalize neno lake.» Na baada ya kitambo yule aliyeanza kushtaki akasema: «Basi, nilikushtaki bure. Nimekosa.» Hakuna mtu aliyewaandikia maneno hayo ubaoni.

MWALIMU WA NJIA YA EMAU

Mwalimu yule hakubuni njia mpya. Yuko Mwalimu aliyeionyesha kabla yake. Kumbukeni jioni ya siku ile ya Ufufuko, wanafunzi wawili walipokuwa wakitembea kutoka Yerusalemu kwenda Emau, mioyo yao imevunjika. Bwana wetu Yezu Kristu akawakaribia, wala hawakumtambua. Yatazameni matendo yake moja moja kama mwalimu.

Kwanza, alitembea nao kwa mwendo wao. Hakuwasimamisha, wala hakuwaita waje mahali pake. Pili, aliuliza. Yeye aliyejua mambo yote aliwauliza wanazungumza nini, akawaacha waeleze habari nzima, pamoja na makosa yaliyokuwamo na tamaa yao iliyokatika. Tatu, walipokwisha kumaliza, hapo ndipo aliposema. Aliwaonya kwa maneno machache, kisha akaanzia pale walipokuwa wakijua, yaani Musa na Manabii, akawafafanulia hatua kwa hatua. Nne, hakujilazimisha kwao. Walipofika kijijini alifanya kama mwenye kuendelea na safari, mpaka wao wenyewe wakamsihi akae. Tano, alimaliza fundisho kwa tendo: alimega mkate, na kwa tendo hilo wakamtambua.

Basi, mwalimu wa darasa la tatu aliyemkatiza mtoto baada ya neno la pili aliacha njia ya Emau. Alipokwenda kuketi nyumbani kwa mama na kusikiliza, alirudi katika njia hiyo.

FIMBO HUZAA FIMBO

Watu wa Kasongo na Kabambare wana sababu yao wenyewe ya kulitafakari jambo hili. Katika karne ya 19 Kasongo palikuwa makao makuu ya Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa Zanzibar, na misafara ya pembe na ya watumwa ilipita Kabambare kuelekea Ziwa Tanganyika. Kiswahili kinachosemwa huku kilikuja kwa njia hiyohiyo. Mwezi wa Aprili 1893 askari wa Dola ya Kongo waliiteka Kasongo. Bwana wa kwanza aliondoka, akaja bwana mwingine, lakini kiboko hakikuondoka: kilihama tu kutoka mkono hadi mkono. Mababu walipigwa ili wabebe mizigo, na baadaye wengi walilazimishwa kulima pamba. Si ajabu basi kwamba watu walizoea kufikiri kuwa mkubwa ni yule anayepiga, na mdogo ni yule asiyesema.

Mapadri Weupe walianzisha misioni ya Kasongo mwaka 1903, na tarehe 10 Novemba 1959 Kasongo ikawa jimbo. Miaka hiyo yote makatekista walitembea kijiji kwa kijiji, na mahali pengi wao ndio walikuwa walimu wa kwanza wa herufi pia. Wengi walipendwa kwa subira yao. Lakini tuseme kweli: fimbo iliingia shuleni vilevile. Aliyepigwa akiwa mtoto, alipokuwa mwalimu alipiga, kwa kuwa hiyo ndiyo shule aliyoiona kwa macho yake. Fimbo huzaa fimbo, kama vile kusikilizwa kuzaavyo kusikiliza.

Kongo ina mashahidi wawili walioukata mnyororo huo. Mwenye Heri Isidori Bakanja alikuwa fundi msaidizi wa uashi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alipokuwa akifanya kazi kwa Wazungu, aliwafundisha wenzake kusali. Mwaka 1909 msimamizi wa shamba alimpiga kwa kiboko bila huruma kwa sababu ya kuvaa skapulari ya Bikira Maria, na madonda yale yakamwua tarehe 15 Agosti mwaka huohuo. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Wa pili ni Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, sista kijana wa shirika la Jamaa Takatifu, aliyefundisha watoto huko Bafwabaka. Tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, aliuawa mjini Isiro kwa kuulinda usafi wake, naye akamsamehe mwuaji wake. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Yeye aliyewafundisha watoto maneno ya sala ya Baba Yetu, ambamo twaomba kusamehewa kama tunavyosamehe, alipofika saa yake ya mwisho aliyatenda. Kwa hiyo jina lake halikusahaulika.

Serikali nayo imesema neno. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yaagiza kwamba nidhamu, nyumbani na shuleni, itolewe kwa namna ambayo mtoto anatendewa kama mwanadamu. Nidhamu haikufutwa. Kilichokatazwa ni kumvunja mtoto kwa jina la nidhamu.

MAMBO MATANO YA KUTENDWA DARASANI

Mwalimu atakaye kuufundisha ustadi huu hahitaji vyombo vya bei kubwa. Aanze na mambo haya matano.

La kwanza, asikilize hata mwisho. Mtoto ajibupo vibaya, mwalimu amwulize: «Umefikaje hapo?» Mara nyingi kosa lina njia yake, na mwalimu akiijua njia ataweza kuinyosha. Wengine nao hujifunza kwamba mtu akosaye bado yastahili kusikilizwa.

La pili, ashike neno lake na saa yake. Akisema, «Kesho nitarudisha madaftari,» ayarudishe kesho. Akishindwa, aseme sababu mbele yao. Darasa lililoahidiwa mara tano na kudanganywa mara tano halitaamini hata Injili inaposomwa na kinywa kilekile.

La tatu, amheshimu asiyejua. Asimwite mtoto mjinga, wala asiruhusu darasa kumcheka. Mtoto anayechekwa asomapo hujifunza kunyamaza, na mtoto aliyezoea kunyamaza husogea pole pole karibu na mlango, mpaka siku moja hayumo. Machimbo ya dhahabu ya Kabambare yana watoto wengi. Wengi walifukuzwa na njaa, lakini wako waliofukuzwa na aibu.

La nne, awapatie kazi ya kufanya pamoja. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi katika shule za serikali na zile zinazoendeshwa na Makanisa kwa mapatano na serikali ilipotangazwa kuwa bure, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Mwalimu hawezi kumfikia kila mtoto. Awaketishe wanne wanne, ajuaye kusoma karibu na asiyejua. Awape kitabu kimoja na zamu ya kila mmoja. Hivyo wingi, ambao ni mzigo, utakuwa shule ya kungojana na kusaidiana, hasa pale watoto wa kabila mbalimbali au wa jamaa zilizokimbia vita wanapokaa bao moja.

La tano, asuluhishe kwa haki, na akikosa akiri. Watoto wawili wagombanapo, kila mmoja aseme, na mwenzake arudie aliyoyasikia kabla ya kujibu. Atakayefanya hivi ataona kwamba nusu ya ugomvi hufa hapo. Na mwalimu mwenyewe akikosa, asitume mtu, asizunguke kwa mizaha. Aseme: «Nimekosa,» mahali palepale alipokosea: akikosa mbele ya wote, akiri mbele ya wote.

LAKINI NI NANI AWEZAYE?

Mtu atauliza: mwalimu mwenye watoto 80 darasani, ambaye mshahara wake wachelewa, na nyumbani wanawe wangoja chakula, aweza kweli kuwa mpole kila siku? Swali hilo ni la haki. Mwalimu si malaika. Hasira yake mara nyingi ni uchovu uliokosa mahali pa kukaa.

Ndiyo maana yafaa walimu wasaidiane. Katika mkoa wa zamani wa Katanga, uliopakana na Maniema upande wa kusini, kulianzishwa mwaka 2011 mpango wa shule, ulioendeshwa na shirika la International Rescue Committee pamoja na wakubwa wa elimu. Walimu walijifunza namna ya kulifanya darasa liwe mahali pa kuponya watoto walioona vita. Tena walimu wa shule moja walikutana wao kwa wao, wakaelezana lililowashinda na lililofaulu, wakatiana moyo. Watafiti walipowauliza watoto baadaye, watoto wa shule hizo walisema zaidi kuliko wengine kwamba shule na walimu wao huwasaidia. Angalieni jambo hili: walimu walisikilizwa kwanza na wenzao, ndipo wakaweza kuwasikiliza watoto. Mtu hawezi kuchota maji katika mtungi mtupu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mama wa mfano wetu hakumtukana mwalimu sokoni, wala hakumsifu kwa uoga. Alimkaribisha kigoda, akamwambia kweli. Kijiji kinachomwambia mwalimu wake kweli kwa heshima kimemsaidia kuliko kile kinachomchekea mbele na kumsengenya nyuma.

NANYI JE, WAKATEKUMENI?

Labda mkatekumeni mmoja asema moyoni: «Mimi si mwalimu, sina darasa.» Ndugu, unalo. Ukiwa na mtoto nyumbani, mdogo wako, jirani anayekutazama kwa kuwa amesikia unajiandaa kuwa Mkristu, umekwisha kusimama mbele ya darasa.

Mgeni abisha hodi mlangoni, naye ni mtu anayekudai. Wamwita mwanao, wamnong'oneza: «Mwambie baba hayupo.» Hapo umemfundisha mtoto amri gani? Jioni utamwita mkasali pamoja, naye atapiga ishara ya msalaba vizuri. Lakini kitabu kile cha pili amekwisha kukisoma mchana. Au mkeo ameanza kueleza jambo, nawe wamkatiza. Wanao wa kiume watazama, nao wataoa siku moja.

Ubatizo hauji kwa kukariri majibu peke yake. Kwa sababu hiyo mapadri na makatekista wawauliza wasimamizi wenu na jumuiya yenu juu ya mwenendo wenu, wala si juu ya maswali ya katekisimu tu. Si kwa kuwatilia mashaka. Wataka kujua kama maneno mliyoyashika kichwani yameanza kushuka mikononi. Na wakiona mmekosa, msiogope kusema kama mwalimu yule: «Mimi nimekosa.» Mwenye kulizoea neno hilo nyumbani hatalionea haya atakapolisema baada ya Ubatizo katika Sakramenti ya Kitubio.

MAULIZO NA MAJIBU

Mtoto shuleni asoma vitabu gani viwili?
Asoma kitabu cha kurasa, tena asoma mwenendo wa mwalimu wake.

Kwa nini mwalimu wa mfano wetu alimwadhibu mtoto asiye na kosa?
Kwa sababu alihukumu kwa macho, wala hakumwacha mtoto amalize neno lake.

Kwa nini ilimpasa kukiri mbele ya darasa lote?
Kwa sababu alimvunjia mtoto heshima mbele ya darasa lote. Haki hurudishwa mahali ilipoondolewa.

Je, mwalimu anayekiri kosa apoteza heshima yake?
Hapana. Watoto hujua kosa la mwalimu hata akilificha. Akilikiri, wajua pia kwamba anaipenda kweli kuliko sifa yake.

Bwana wetu aliwafundishaje wanafunzi wa Emau?
Alitembea nao, akawauliza, akawasikiliza, akawafafanulia, kisha akatenda mbele ya macho yao.

Mkatekumeni amefundisha nani?
Wote wanaomtazama, na kwanza wale wa nyumba yake.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mmoja achague mtu mmoja ambaye amezoea kumkatiza: mtoto, mke, mdogo, mtumishi, jirani. Juma zima amwache amalize neno lake kabla ya kumjibu. Na kama yuko mtu uliyemhukumu bure, usingoje Jumapili. Nenda ukabishe hodi kwake leo jioni.